Jinsi ya kutowachanganya akina Phokas

Nikisoma historia ya Bizanti, yaani Dola ya Roma ya Mashariki, nilimkuta jemadari Bardas Phokas akijeruhiwa kule Marash mwaka 953, kisha kurasa tano mbele nikamwona amepanda farasi kule Abydos mwaka 989, akidondoka na kufa. Pembeni ya daftari niliandika kwa wino mwekundu: "Mzee huyu ana roho ngumu." Kumbe ni babu na mjukuu.

Ukoo huu wa majemadari wa Kapadokia, katika Uturuki ya leo, ulirithishana majina kama tunavyofanya sisi: mtoto anapewa jina la babu, anayefuata la ami. Kwa hiyo usianze kusoma vita vyao kabla hujachora ukoo. Chukua karatasi, uilaze upande, na kila jina uliandikie baba yake na mwaka wa tukio moja kubwa.

Juu kabisa weka Nikephoros, aliyepigana kusini mwa Italia miaka ya 880. Chini yake wanawe wawili, Leo na Bardas. Leo ndiye aliyepigwa na Wabulgaria pale Acheloos, 20 Agosti 917. Bardas, yule wa Marash, alizaa Nikephoros, Leo na Konstantinos. Huyu wa mwisho alitekwa akafia kifungoni Halab (Aleppo), Syria. Nikephoros aliiteka Krete mwaka 961, akawa kaizari mwaka 963, akauawa chumbani mwake Desemba 969. Leo, ndugu yake, akamzaa Bardas wa Abydos. Na Bardas naye, bila huruma kwa msomaji, akawaita wanawe Nikephoros na Leo.

Mwaka usiuache hata kama unajiamini. Mimi nilidhani inatosha kuandika "Leo, aliyetobolewa macho". Wametobolewa wote wawili: mkubwa mwaka 919 alipogombania madaraka na Romanos Lekapenos, mkuu wa jeshi la majini, mdogo mwaka 971 baada ya njama dhidi ya kaizari Ioannes Tzimiskes.

Hayo maneno "Mkubwa" na "Mdogo" wameyabandika wanahistoria, na yanapotosha kidogo. Bardas Mdogo ni mjukuu wa Bardas Mkubwa. Leo Mdogo ni mtoto wa Bardas Mkubwa, ndugu wa Leo Mkubwa. Ukidhani kila mdogo ni mwana wa mkubwa, karatasi yote imeharibika.

Hapa ndipo Kiswahili kinapokusaidia. Vitabu vya Kiingereza vina neno moja tu kwa ami na mjomba, basi kila ukilikuta, simama uulize: kwa baba au kwa mama? Tzimiskes, aliyeongoza mauaji ya kaizari Nikephoros, alikuwa mpwa wake, mtoto wa dada. Amemuua mjomba. Ndiyo maana hana jina la Phokas, ingawa damu anayo. Bardas Mdogo alipoasi mwaka 970, kaizari aliyeuawa alikuwa ami yake, na aliyekalia kiti alikuwa binamu, mtoto wa shangazi. Ukiyaandika hivyo, ugomvi wenyewe unaeleweka bila maelezo marefu.

Kuna majina ya kuweka nje ya karatasi. Kaizari Phokas wa mwaka 602 hadi 610 hana nafasi hapa. Phokas lilikuwa jina lake mwenyewe, si la ukoo. Bardas Skleros, aliyeshindwa na Bardas Phokas mwaka 979, ni wa ukoo mwingine. Ukikuta "Bardas" peke yake katika sura ya miaka hiyo, rudi nyuma mpaka ulione jina la pili.

Na ukifika mwaka 1022, ukasoma kwamba Nikephoros alisababisha kifo cha Nikephoros, usidhani mchapaji amekosea. Aliyeuawa ni kitukuu wa yule wa Marash. Aliyemgeuka, ilhali walikuwa wameanzisha uasi pamoja, ni Nikephoros Xiphias. Huyo mwandike kwa penseli, nje ya mstari.