Kuishi Bangkok kwa raha: anza na karatasi ya anwani

Bangkok ni mji mtamu kuishi. Chakula kipo kila kona tangu alfajiri hadi usiku wa manane, treni za juu zinakuvusha foleni ambayo huko chini ingekula saa mbili za maisha yako, na mtu anarudi nyumbani usiku bila kuikumbatia simu kifuani. Lakini raha yote hiyo imening'inia kwenye karatasi moja ndogo ambayo hakuna anayekutajia kabla hujapanga nyumba.

Karatasi hiyo ni risiti ya TM30, fomu ya kuijulisha uhamiaji mahali mgeni anapolala. Sheria ya uhamiaji ya Thailand ya mwaka 1979, kifungu cha 38, inamtaka mwenye nyumba anayemlaza mgeni kutoka nchi nyingine atoe taarifa uhamiaji ndani ya saa 24 tangu mgeni huyo afike. Soma tena hapo: mwenye nyumba, si wewe. Hoteli zinafanya zenyewe, ndiyo maana ukija kutembea husikii habari zake. Ukipanga kwa mtu binafsi ndipo mambo yanapoanza. Kwetu umezoea kwenda kwa mjumbe, kisha ofisi ya serikali ya mtaa, ukatoka na barua yako, mwenye nyumba hata habari hana. Huku utambulisho wako uko mkononi mwake. Akiamua kukubania, umebaniwa.

Mimi nilibaniwa. Nilipanga fleti ndogo karibu na kituo cha treni cha On Nut, kwa baht 12,000 (baht ndiyo fedha ya huku) kwa mwezi, amana ya miezi miwili na kodi ya mwezi wa kwanza juu yake. Mwenye nyumba alikuwa mama mpole, siku ya funguo alinipokea na sahani ya maembe. Wiki ile ile nikamwomba TM30. Akatabasamu, akasema sawa. Nikamkumbusha, akatabasamu tena. Viza yangu ya kazi ilikuwa ya siku 90, na kabla hazijaisha lazima uende uhamiaji pale Chaeng Watthana uombe kuongezewa mwaka. Nikaenda na faili lililotimia: barua za mwajiri, kibali cha kazi, picha, ada ya baht 1,900. Afisa akapekua karatasi moja baada ya nyingine kwa kidole kilichovaa kile kifuniko cha mpira cha kuhesabia fedha, akafika mwisho, akarudi mwanzo, akaniuliza risiti ya TM30 iko wapi. Haipo. Akalifunga faili, akanirudishia kwa mikono miwili, kwa adabu kamili, akaita namba inayofuata.

Nilipompigia yule mama akanieleza waziwazi kwamba hataki jina lake liingie kwenye kumbukumbu za serikali. Wapangishaji wengi wana hofu hiyo: pango hawalitangazi kwa watu wa kodi ya mapato, na TM30 ni ushahidi kwamba nyumba ina mpangaji. Siku zangu zinakatika, yeye ananituliza kwamba uhamiaji huwa hawaulizi. Na mimi nimetoka kuulizwa! Ikabidi nihamie haraka kwenye jengo lenye ofisi ya meneja. Hao waliingiza taarifa zangu mtandaoni siku ile ile ya kupewa funguo, wakanichapia risiti. Amana yangu, baht 24,000, ikabaki kwa yule mama kwa madai kwamba nimevunja mkataba.

Kwa hiyo nasema na nitarudia: usitoe hela yoyote kabla suala la TM30 halijamalizwa. Kukubali kwa mdomo si kumaliza. Kutabasamu si kumaliza. Iandikwe ndani ya mkataba kwamba mwenye nyumba atatoa taarifa ndani ya saa 24, na asipofanya hivyo unaondoka na amana yako yote. Omba nakala ya kitambulisho chake na ya kile kitabu cha bluu cha usajili wa nyumba, zote mbili zikiwa na sahihi yake, kwa sababu ukiwa nazo unaweza kupeleka fomu mwenyewe kwa niaba yake. Linganisha jina la kwenye kitambulisho na la kwenye mkataba. Wapo wapangaji wanaompangisha mtu mwingine chini kwa chini, na mtu wa namna hiyo anaweza kushindwa kukuandikisha hata akupende vipi.

Akigoma kutoa nakala, muage na uondoke. Vyumba Bangkok ni vingi mno. Dalali naye asikuharakishe. Huku kwa kawaida analipwa na mwenye nyumba, hakutozi mwezi mmoja wa kodi kama yule wa Sinza, basi ujue anamsemea nani. Na ukihama, hata ukihamia jengo la jirani, taarifa inatolewa upya. Narudia: upya.

Ukiwa na mkataba mkononi tazama pia bei ya yuniti ya umeme. Hakuna LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, bili inakuja mwisho wa mwezi, na yapo majengo yanayouza yuniti kwa baht 7 au 8 wakati bei ya kampuni ya umeme iko karibu na 4. Aprili, kiyoyozi kikiwaka usiku kucha, tofauti hiyo inauma.

Mengine ni ya kawaida. Viza tunaomba mtandaoni na inashughulikiwa na ubalozi wa Thailand ulioko Nairobi, hata sisi wa Tanzania. Cheti cha homa ya manjano kibebe. Fomu ya kidijitali ya kuingia nchini, TDAC, ijaze ndani ya siku 3 kabla ya kufika; ni bure, na tovuti inayokutoza ni ya matapeli. Kila siku 90 unaripoti anwani yako uhamiaji. Kabla ya kwenda nyumbani likizo chukua kibali cha kurudi, baht 1,000 kwa safari moja, la sivyo ruhusa yako ya kukaa inakufa pale pale unapogongewa muhuri wa kutoka.

Sasa niseme na ndugu zetu, kwa mapenzi. Binamu unayenipigia kwamba utakuja kutembea, utalala kwangu miezi kadhaa "halafu tutaona", nisikilize. Nawe ukilala kwangu taarifa yako inatakiwa, na meneja wa jengo anajua nani anaingia na nani anatoka. Viza yako ikiisha, kila siku ni faini ya baht 500 hadi ifike 20,000, na hapo bado unahesabiwa una bahati. Ukizidisha zaidi ya siku 90, hata ukijisalimisha mwenyewe uwanja wa ndege, unafungiwa kuingia mwaka mzima. Ukikamatwa barabarani ukiwa umezidisha, hata kwa muda mfupi, unapigwa marufuku kuingia miaka 5. Sina mjomba uhamiaji wa kulimaliza hilo, wala ubalozi hauwezi. Wakenya wana ubalozi wao hapa Bangkok. Sisi tunategemea Kuala Lumpur.

Na tafadhali, tafadhali, hizo kazi za "huduma kwa wateja Bangkok, mshahara kwa dola, tiketi juu yetu" mnazotumiana WhatsApp. Vijana wa Kenya, Uganda, Ethiopia na wengineo wamepokelewa Suvarnabhumi, uwanja wa ndege wa Bangkok, kwa bango lenye majina yao, wakapakiwa kwenye gari, wakaendeshwa saa nyingi hadi Mae Sot, mpakani, wakavushwa mto Moei usiku na kujikuta Myawaddy, Myanmar, ndani ya kambi za utapeli wa mtandaoni, pasi zao zimechukuliwa. Mwaka 2025 maelfu ya watu wa mataifa mbalimbali walitolewa kwenye kambi hizo. Kazi halali ya Thailand inatanguliwa na viza ya kazi, siyo ya utalii. Mama mdogo, mtoto akikuaga kwamba amepata kazi Bangkok, mwombe akuonyeshe aina ya viza kabla hujauza kiwanja. Akifika na gari likapita mji na kuendelea kaskazini-magharibi, ashuke penye watu wa kwanza atakaowaona.

Kuhusu wenyeji, nitasema ninavyoona. Waswahili tukikwama ofisini tunapandisha sauti, na mara nyingine kwetu inasaidia, bosi anatoka ndani kuuliza kuna nini. Hapa ukipandisha sauti umejifungia mlango. Afisa hatagombana nawe, atakuwa mtulivu zaidi na jambo lako halitakwenda. Mimi nimeupenda utulivu huo, ingawa yule mama amenifundisha kwamba unaweza pia kuficha kukataa. Jifunze kuuliza swali linalodai tarehe. Suala la rangi lipo na sitalipamba: krimu za kung'arisha ngozi zinatangazwa kila mahali, na shule nyingi zinamtaka mwalimu mzungu hata pale Mkenya anapofundisha Kiingereza vizuri kuliko yeye. Hilo linaniudhi na sioni sababu ya kulizoea. Pamoja na hayo, jirani yangu wa mlango wa pili haniachi nipite bila kuniuliza kama nimekula, na hilo nalo ni kweli. Mfalme na familia yake msiwajadili kabisa, hata mtandaoni. Kifungu cha 112 cha sheria ya jinai kinampeleka mtu jela miaka 3 hadi 15 kwa kosa moja.

Ukishatulia kwenye anwani yako, mji ni wako. Jioni nenda bustani ya Lumphini, uone kenge wakubwa wakitambaa kando ya ziwa na watu wakiwapisha. Saa kumi na mbili kamili wimbo wa taifa unapigwa na kila anayekimbia anasimama, simama nao. Nguo za jumla ziko kwenye masoko ya Pratunam na Bobae, ambako wafanyabiashara wa Kariakoo walikuwa wakija kabla wengi hawajahamia Guangzhou. Ukikosa harufu ya nyumbani, vichochoro vya mtaa wa Nana, upande wa Soi 3 (soi ni kichochoro), vina migahawa ya Waarabu na Waafrika, na pilau utaipata.

Ninachokipenda kuliko vyote ni boti za mfereji wa Saen Saep. Kondakta anatembea nje kabisa, ukingoni, kofia ngumu kichwani, anashika kamba kwa mkono mmoja na kukata tiketi kwa mwingine, na boti haijapunguza mwendo. Ukikaa pembeni, kamba ya turubai la plastiki iko karibu nawe: ivute mnapopishana na boti nyingine, maji ya mfereji si ya kurukia usoni. Nauli ni baht chache. Ijumaa panda hadi maeneo ya Ramkhamhaeng, uswali kwenye Kituo cha Kiislamu. Nje pana biriani ya kuku, roti na mishikaki, vyote halali. Wahi, kwa sababu baada ya swala foleni ni ndefu, na kumbuka boti hufunga kazi mapema jioni.