Kumnasa ndama anayebeba virusi vya BVD maisha yote

Ng'ombe mwenye mimba akiambukizwa virusi vya BVD (ugonjwa wa kuhara wa ng'ombe unaoletwa na virusi), yeye mwenyewe aghalabu hupata homa kidogo, maziwa yakapungua, kisha kinga yake ikavimaliza virusi. Balaa huwa tumboni. Kabla ya siku ya 120 hivi ya mimba, kinga ya ndama bado inajifunza kutambua kilicho chake. Ikikutana na virusi wakati huo, huvihesabu kuwa sehemu ya mwili, na haitavishambulia kamwe. Ndama huyo akizaliwa hai atamwaga virusi kwa makamasi, mate, mkojo na kinyesi hadi kufa kwake. Ndiyo maana kumpima kingamwili (chembe ambazo mwili hutengeneza kupambana na virusi) ni kujidanganya, kwani hatengenezi za virusi hivyo. Tafuta virusi vyenyewe.

Kata kipande kidogo cha ukingo wa sikio la kila ndama, hata aliyenona, maana wabebaji wengi huonekana wazima kabisa. Safisha koleo na ulitie dawa kabla ya kumshika mwingine, la sivyo damu ya mmoja itachafua sampuli ya mwenzake. Kila kipande kiwe na kichupa chake chenye namba ya hereni, kikae kwenye ubaridi mpaka maabara. Sikio ni bora kuliko damu kwa ndama aliyekwisha kunyonya dang'a: kingamwili za mama huweza kuvificha virusi kwenye damu kwa miezi kadhaa.

Akikutwa navyo, mtenge, umpime tena baada ya wiki 3 hadi 4. Aliyeambukizwa juzi atakuwa amepona. Akikutwa navyo tena, huyo ni mbebaji. Mpeleke machinjioni, usimuuzie mfugaji mwingine. Mpime na mama yake, kwa sababu mbebaji huzaa mbebaji kila mara. Kwa hiyo ndama akikutwa safi, mama yake naye si mbebaji.

Hapa wengi huteleza: mtamba mwenye mimba aliyenunuliwa anapimwa, anaonekana safi, anaingizwa zizini, kumbe mbebaji yumo tumboni. Mtenge hadi azae na ndama apimwe.

Chanjo ya virusi vilivyouawa hutolewa mara 2, na ya pili ikamilike wiki kadhaa kabla ya kupandisha. Chanjo hai usimchome mwenye mimba, ila maelezo ya chupa yakiruhusu.

Mbebaji wa mwisho akiondoka, endelea kupima kila anayezaliwa kwa miezi 10, kwa kuwa mimba alizoziambukiza bado zinakua.