Viwavi wa hariri: bakteria wakishaingia damuni, mfugaji kachelewa

Wafugaji wa hariri wa Sheema na Mukono, Uganda, wanaujua ugonjwa huu hata wasipojua jina lake. Kiwavi anaacha kula, mwili unalegea, kinyesi kinakuwa majimaji, na akifa anageuka mweusi na kunuka. Lawama huangukia mayai. Mimi huuliza kwanza majani ya mforsadi waliyolishwa yalichumwa saa ngapi.

Kiwavi hatengenezi kingamwili kama ng'ombe, kwa hiyo usitegemee chanjo. Kwenye damu yake kuna protini zinazotafuta kitu kiitwacho peptidoglikani, yaani wavu mgumu unaoshikilia ukuta wa bakteria. Mwili wa mnyama hautengenezi wavu huo, basi kipande chake kikionekana damuni, mvamizi keshajulikana. Protini ya kwanza ya aina hiyo ilitenganishwa Japani mwaka 1996, kutoka kwa kiwavi huyu huyu wa hariri. Ikishanasa kipande, damu hugeuka nyeusi penye jeraha (ndiyo yale madoa unayoyaona ngozini), kisha tishu ya mafuta huanza kutengeneza protini nyingine, sekropini mojawapo, zinazotoboa bakteria.

Tatizo ni muda. Madoa hutokea upesi, lakini sekropini huchukua saa kadhaa kuwa za kutosha, na ndani ya saa hizo bakteria wanazaana. Wakiingia wachache, kiwavi anashinda. Wakiingia wengi kwa mara moja, hata akiwatambua watamshinda.

Kwa hiyo punguza wanaoingia. Chuma majani ya mforsadi umande ukishakauka, au jioni. Msimu wa mvua yatandaze kwenye kichanja yachuruzike maji. Ukiyashindilia kwenye gunia yanapata joto na kuchacha, na hapo unalisha bakteria kwa mikono yako. Majani ya chini yaliyorukiwa na tope wape mbuzi. Usijaze trei: viwavi waliobanana hukwaruzana kwa kucha, na kila mkwaruzo ni mlango. Wakitulia ili wajivue ngozi, nyunyiza chokaa kavu na usiwape chakula hadi karibu wote wawe wamejivua. Wagonjwa waondoe kwa vijiti, watie kwenye ndoo ya chokaa, kisha uwafukie. Kuku wasiwaguse, maana watausambaza ugonjwa. Kabla ya kundi jipya, osha nyumba na trei kwa poda ya klorini ambayo haijakaa sana, gramu 20 kwa lita moja ya maji.

Kuna hatari nyingine, na hii hutoka shamba la mahindi. Tangu viwavijeshi vamizi waingie Uganda, wakulima wengine hunyunyizia dawa ya Bt, inayotokana na bakteria anayeua viwavi (Bacillus thuringiensis). Kwa mahindi ni dawa nzuri, na haimdhuru mtu. Lakini bakteria huyo aligunduliwa mwaka 1901 huko Japani akiua viwavi wa hariri! Sumu yake hupasua utumbo, na bakteria humiminika damuni kabla kinga haijajipanga. Zungumza na jirani mapema, akupe habari siku ya kunyunyizia. Akishanyunyizia, mistari ya mforsadi iliyo upande wake usiichume; kata matawi yake na usubiri machipukizi mapya.