Kabla hujalipia piano ya mtumba ya mtoto

Mzazi unayemtafutia mtoto piano iliyotumika, usivutwe na mbao zinazong'aa. Mwombe muuzaji afungue kifuniko cha juu, umulike ndani kwa tochi ya simu. Tafuta nyaya zenye kutu, nyundo ndogo za kugonga nyaya ambazo kitambaa chake cha sufu kimeliwa na wadudu nondo, na unga wa mchwa chini kabisa. Huku pwani, Dar au Mombasa, unyevu na chumvi ya bahari havisamehi chuma.

Kisha bonyeza vitufe vyote 88, kimoja kimoja, taratibu halafu kwa nguvu. Kinachokwama kisikutishe sana, mara nyingi ni unyevu tu na fundi anakirekebisha. Cha kuogopa ni pini zinazoshikilia nyaya. Noti nyingi, yaani sauti ya kitufe kimoja, zina nyaya mbili au tatu; ukisikia noti moja inayumbayumba, na muuzaji anaapa ilituniwa (nyaya zilikazwa zitoe sauti sahihi) juzi, huenda pini zimelegea. Achana nayo, hata kama bei ni ya kutupa.

Weka pia programu ya kutunia kwenye simu. Noti iitwayo A, ile iliyo juu ya C ya katikati ya piano, isome hezi 440, yaani mitetemo 440 kwa sekunde. Piano nzima ikiwa imeshuka sana, kuipandisha ni kazi ya zaidi ya mara moja, na nyaya kuukuu hukatika. Mimi nisingekubali sikio la mtoto likulie kwenye sauti iliyoshuka.

Mjini kwenu hakuna fundi wa piano? Basi chukua ya umeme iliyotumika, mradi vitufe ni 88 na vina uzito kidoleni.