Kabla ya msingi, hesabu udongo

Ploti za upande wa Ruai na Embakasi, Nairobi, nyingi zina udongo mweusi, ule unaopasuka kiangazi na kufura mvua ikinyesha. Kwa kawaida huondolewa wote chini ya nyumba, la sivyo sakafu inaweza kupasuka. Kwa hivyo usikubali bei ya kuchimba kabla ya kujua kina chake: mpe kibarua siku moja achimbe mashimo mawili matatu kwenye pembe za nyumba hadi afike kwenye mwamba au udongo mgumu.

Halafu piga hesabu. Nyumba ya mita 10 kwa 12, kina cha mita 1, ni mita za ujazo 120. Udongo ukichimbwa huvimba. Ongeza asilimia 30 hivi, unapata 156. Lori la mita za ujazo 10 litaenda safari 16. Wengi huhesabu 12, kisha pesa zinaishia njiani. Na shimo hilo linataka kujazwa: mawe na kifusi cha kushindilia hununuliwa zaidi ya 120, kwa kuwa hushuka kikishindiliwa.

Usafiri wa tingatinga kuja na kurudi huwa na bei yake, uliza mapema. Safari za lori zihesabiwe kwa tiketi, si kwa mdomo.

Mpima ardhi mwenye leseni aje kwanza, aonyeshe bikoni zote, yaani alama za mipaka ya ploti. Zipake rangi, uzizungushie vigingi. Tingatinga likiing'oa moja, utamlipa mpima mara ya pili.