Mtoto wa Haiti, mwanzishe kusoma kwa Krioli

Nilipofika Jacmel, mji wa kusini mwa Haiti, kufundisha, watoto wangu wa darasa la kwanza walikuwa wanasali Baba Yetu kwa Kifaransa bila kuteleza. Nikamuuliza mmoja maana ya "règne" (ufalme). Akatabasamu tu. Kesho yake tukasali kwa Krioli, lugha ya nyumbani kwao, "Papa nou ki nan syèl la" (Baba yetu uliye mbinguni), na yule yule akaniuliza: huko mbinguni Baba ana nyumba?

Kwa hiyo wewe unayekwenda kufundisha huko, Krioli kwanza. Mswahili ana bahati, maana tahajia iliyorasmishwa mwaka 1980 huandika sauti kama isikikavyo. Anza na "pa", "pi", "ta", upate "papa" (baba). Kisha "tab" (meza) na "kay" (nyumba). Angalia "ou", ni u yetu: "poul", kuku, husomwa pul. Na "ch" ni sh. Mimi nilisoma "chat", paka, kwa ch ya chai, nikachekwa hadi kengele ya mwisho. "È" na "ò" zinataka mdomo uachame. Sauti za puani kama za "manman" (mama) ziache kwa wiki ya tatu hivi, usiwachoshe. Kifaransa kipite mdomoni kwanza kwa nyimbo na salamu. Maandishi yake yangoje.

Dini usiitafutie ugomvi. Shule nyingi ni za makanisa, lakini Vodou, dini ya jadi yenye asili ya Afrika, nayo ilitambuliwa na serikali kuwa dini mwaka 2003, na mtoto anayekwenda misa Jumapili anaweza kuwa na bibi anayewatumikia lwa, yaani mizimu ya Vodou. Picha ya mtakatifu ukutani kwao huenda ina jina la pili, la lwa. Usiulize mbele ya darasa.

Kazi kubwa ni wazazi. Watakuambia wanalipa ada ili mtoto ajue Kifaransa, Krioli anayo tayari. Nilijaribu kuwatajia Katiba ya 1987, inayozifanya lugha zote mbili kuwa rasmi, na mageuzi ya Waziri wa Elimu Joseph Bernard yaliyoiingiza Krioli darasani. Wakaniangalia hivi hivi. Dawa ni kwenda nyumbani. Mlangoni sema "Onè!", ndiyo hodi yao, ungoje "Respè!". Mwache mtoto amsomee bibi yake zaburi katika Biblia ya Krioli, ile iliyotoka nzima mwaka 1985. Bibi mmoja, asiyejua herufi hata moja, alisikiliza mpaka mwisho, akafuta macho kwa pindo la gauni, akamwambia mjukuu: "Li l ankò." Isome tena.