Somo: Drai begi baharini, kuchagua, kufunga na kutunza

Salamu wanajamvi. Kusi imeanza kuvuma na maswali yale yale ya drai begi (mfuko wa kukunja mdomo usioingiza maji) yamerudi: ninunue ipi, mbona yangu imeingia maji, simu itapona? Naandika yote hapa, atakayeuliza tena nitamwelekeza huku. Somo ni la safari zetu za kawaida: Mokowe hadi Amu (Lamu), Takwa kisiwani Manda, mkondo wa Mkanda hadi Mtangawanda kisiwani Pate, na wanaokwenda kulala Kiwayu kwa mashua.

1. Ukubwa. Lita 5 kwa simu, pochi na vitambulisho. Lita 10 kwa nguo za siku moja. Lita 20 au 30 kwa wanaolala. Mifuko miwili midogo ni bora kuliko mmoja mkubwa, maana kila ukitafuta simu unaanika na shuka.

2. Kitambaa. PVC (plastiki nene kama turubai) ni nzito lakini inavumilia mbao, misumari na matumbawe. Nailoni nyepesi ni ya kuweka ndani ya begi jingine, si ya kuburuzwa chomboni. Tazama maungio: yaliyounganishwa kwa joto ni imara kuliko yaliyoshonwa kwa uzi na kubandikwa utepe, kwa sababu kila tundu la sindano linategemea utepe huo, na utepe hubanduka. Ukiona IPX6, alama ya kipimo cha kuzuia maji, maana yake inahimili maji yanayorushwa kwa nguvu. IPX7 ni kuzama mita 1 kwa dakika 30. Drai begi nyingi za kukunja mdomo si za kuachwa zimezama, hata muuzaji akisema nini.

3. Jaribu nyumbani. Jaza hewa, kunja, zamisha kwenye ndoo, bana. Ukiona mapovu, rudisha dukani.

4. Kujaza na kufunga. Hapa soma polepole. Mifuko mingi niliyoletewa kwa madai kwamba imetoboka ilikuwa mizima. Maji yalipita mdomoni. Kinachozuia maji ni ile mikunjo tu, kwa hiyo ukijaza pomoni hakuna kitakachobaki cha kukunja. Jaza robo tatu, basi. Pangusa ndani ya mdomo kwa kidole, kwa sababu chembe ya mchanga au uzi wa taulo ukibanwa kwenye mkunjo huacha kijia, na maji hayahitaji njia pana. Kutanisha kingo mbili pembe kwa pembe, zinyooshe mpaka usione kikunyanzi, kandamiza mfuko hewa ipungue, ndipo uviringishe ule ukanda mgumu ukibana kila mzunguko. Mara tatu ndiyo kiwango cha chini, na mimi wakati wa kusi hukunja nne. Mwisho leta ncha mbili pamoja, funga klipu. Ukianza na klipu, hutaviringisha tena.

ONYO: mikunjo miwili inatosha kwa manyunyu, haitoshi kwa wimbi.

ONYO: usifungue mfuko wakati chombo kinaruka mawimbi. Tukitoka Mkanda, abiria mmoja alifungua wake ili apige picha, akaufunga harakaharaka kwa mkunjo mmoja na kuuacha miguuni, kwenye maji ya ngama (yanayokusanyika chini ya chombo). Tulipofika Mtangawanda nguo za juu zilikuwa zinakamulika, na kamera ilitoa maji kwenye mlango wa betri. Jioni tuliujaza ule mfuko maji ya bomba tukauning'iniza. Halikudondoka hata tone.

5. Chomboni. Usiweke sakafuni maji yanapokusanyika, wala karibu na galoni la petroli. Fungia kwenye taruma (mbao za mbavu za chombo) kwa kamba fupi, mdomo ukiwa juu.

6. Ukirudi. Suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, geuza ndani nje, anika kivulini, hifadhi bila kukunja.

MASWALI YA WANACHAMA

Mpanda Mashua: Nimepitia juujuu. Inakunjwa mara ngapi?

*Jibu:* Namba 4.

Kijana wa Langoni: Yangu nilinunua ghali na imeingia maji siku ya kwanza. Hizi vitu ni wizi mtupu.

*Jibu:* Uliijaza hadi wapi?

Kijana wa Langoni: Ilijaa vizuri, nikakunja mara moja ikafika mwisho.

*Jibu:* Basi bidhaa usiilaumu, kaka. Punguza nguo, rudia jaribio la ndoo. Ikitoa mapovu ikiwa imekunjwa mara tatu, hapo nitakuunga mkono kuidai pesa.

Bint Matondoni: Ahsante kwa somo, mwalimu. Nina swali: unasema hewa itolewe, lakini si hewa ndiyo inayoelesha mfuko ukianguka baharini? Nisiache nyingi?

*Jibu:* Swali zuri sana, dada. Hewa inaelesha, kweli, na ndiyo maana nimesema ipungue, sikusema iishe. Shida ya kuacha nyingi ni mbili. Jua la saa sita hutanua hewa, nayo husukuma mikunjo kutoka ndani. Pili, mtu akiukalia, hewa hutafuta pa kutokea, na pa kutokea ni mdomoni. Nguo zenyewe huwa na hewa katikati ya nyuzi, kwa hiyo mfuko wa nguo huelea hata ukiukandamiza. Mfuko wa kamera na betri ndio wa kuachia hewa kidogo. Ujaribu pale Shela maji yakiwa magotini: utupe, uone unakaaje. Ila usiufanye boya. Jaketi la kuokolea livaliwe mwilini.

Bint Matondoni: Na vile vitone ninavyovikuta ndani asubuhi wakati hakuna wimbi lililopiga?

*Jibu:* Hiyo ni hewa yetu ya pwani. Ukifunga mchana, unafungia na unyevu. Usiku mfuko ukipoa, unyevu unageuka vitone. Funga mapema kivulini, usichanganye nguo mbichi na kavu, na weka vile vijifuko vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya.

Mgeni Malindi: Si tufungie tu vitu kwenye mifuko ya plastiki ya dukani, yaishe?

*Jibu:* Ile imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017. Na ukienda Kiwayu uko ndani ya hifadhi ya bahari ya Kiunga, ambako tangu Juni 2020 hata chupa za maji za kutupwa haziruhusiwi. Huko kuna kasa. Usipeleke.

Mvuvi Kizingitini: Sisi tunatumia ndoo ya rangi yenye kifuniko cha kubana. Simu, tumbaku, kiberiti, vyote vinafika vikavu.

*Jibu:* Naunga mkono. Ndoo haitobolewi na mwiba wa samaki. Paka mafuta kidogo kwenye ule mpira wa kifuniko, unabana zaidi.

Mpanda Mashua: Simu yangu imelowa maji ya bahari, nimeitia kwenye mchele. Nisubiri siku ngapi?

*Jibu:* Itoe. Mchele hauondoi chumvi, na chumvi ndiyo inayokula chuma ndani. Zima, usichaji, mpelekee fundi leo hii aifungue na kuisafisha.

Mgeni Malindi: Yangu ya PVC imepata tundu dogo pembeni. Gundi ya kuzibia mpira wa baiskeli itafaa?

*Jibu:* Ile ni ya mpira, haishiki PVC. Tafuta gundi ya PVC wanayotumia kuzibia boti za kujaza upepo. Futa mafuta kwa spiriti, kata kiraka cha duara ili pembe zisibanduke, paka gundi kwenye kiraka na kwenye mfuko, bandika, weka kitu kizito juu yake hadi kesho. Kama ni nailoni yenye silikoni, tumia silikoni, nyingine zote zitabanduka.